Tumuulize Fundi Vumbi Lake Linakwenda Wapi

Asubuhi moja, nikiwa katika kliniki ya magonjwa ya kifua, mazungumzo yangu na mgonjwa yalikatizwa na mngurumo uliotoka kwenye korido. Mafundi walikuwa wanatoboa ukuta wa zege ili kupitisha bomba. Mngurumo uliendelea kwa muda katika sauti ileile, kisha ghafla ukageuka kuwa mlio mkali wa chuma. Niliinuka kufunga mlango. Mgonjwa wangu hakushtuka. Aliinamisha kichwa, akasikiliza kidogo, akasema: "Amegonga nondo huyo, daktari. Sasa atasukuma."

Nilimuuliza amejuaje. Alinijibu kwamba kazi hiyo ameifanya kwa miaka 14. Wenzake wakishamwaga zege na kuondoka, yeye ndiye aliyeitwa kutoboa matundu ya mabomba, nyaya na boliti.

Nilikuwa nimemhudumia mtu huyo kwa karibu mwaka mzima. Katika faili lake, sehemu ya kazi ilikuwa na neno moja tu, tena kwa mwandiko wangu mwenyewe: "kibarua". Alikuwa amekwisha kumaliza dawa za kifua kikuu mara mbili, ingawa vijidudu vya ugonjwa huo havikuwahi kuonekana katika makohozi yake. Kikohozi kilibaki na pumzi ilizidi kupungua. Siku ile niliichukua upya picha yake ya eksirei. Vinundu vidogo vya mviringo vilivyotapakaa sehemu za juu za mapafu yote mawili vilikuwapo tangu awali. Vipimo tulivifanya vyote. Swali la kazi yake ndilo hatukuliuliza ipasavyo.

Ninaandika makala haya kwa sababu ninaamini kosa langu si la peke yangu. Wahudumu wa afya tumezoea kuhusisha maradhi ya vumbi na machimbo. Tukisikia mgonjwa ametoka Mirerani, masikio yetu husimama. Tukisikia ametoka kwenye jengo la ghorofa hapa Dar es Salaam, tunaandika "fundi" au "kibarua" na kuendelea na swali linalofuata. Hali hii haina budi kubadilika, na mabadiliko hayo yaanzie katika vyumba vyetu vya kliniki na katika majengo yetu wenyewe.

Kinachotoka tunduni

Zege ni mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji. Mchanga na kokoto nyingi zina kwazi, ambayo ni umbo la fuwele la madini ya silika. Zege likiwa limetulia ukutani halimdhuru mtu. Madhara huanza linaposagwa.

Drili ya nyundo hufanya kazi mbili kwa pamoja: huzungusha biti, na wakati huohuo huipiga kwa nguvu kutoka nyuma mara nyingi kwa kila sekunde. Ncha ngumu ya biti hupondaponda zege, na mifereji iliyo ubavuni mwake huutoa unga nje. Hebu tupige hesabu ndogo. Tundu lenye kipenyo cha milimita 16 na kina cha sentimita 20 hutoa takriban sentimita za ujazo 40 za zege, sawa na gramu 96 hivi. Fundi anayetoboa matundu 40 kwa siku huzalisha karibu kilo 4 za unga, mara nyingi mbele ya uso wake, na pengine juu ya kichwa chake anapotoboa dari.

Sehemu kubwa ya unga huo huanguka chini na kuonekana. Hiyo si sehemu ya kuogopwa zaidi. Chembe zinazofika ndani kabisa ya mapafu ni zile ndogo mno, za mikromita chache tu, ambazo jicho haliwezi kuziona na ambazo huendelea kuelea hewani baada ya mashine kuzimwa. Nchini Marekani, kiwango cha juu kinachoruhusiwa kisheria kwa chembe hizo za silika ni mikrogramu 50 katika mita moja ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa 8 za kazi. Chumba chenye urefu wa mita 5, upana wa mita 4 na kimo cha mita 3 kina mita za ujazo 60 za hewa. Miligramu 3 tu za chembe hizo zikielea humo siku nzima, kiwango hicho kimefikiwa. Tundu moja, kama tulivyoona, hutoa miligramu 96,000 za unga wa kila aina.

Chembe hizo zikifika mapafuni, seli za ulinzi huzimeza kama zinavyomeza vijidudu. Vijidudu huuawa, lakini silika haiuawi. Seli hufa, chembe hutoka, seli nyingine huzimeza, na mwili hujibu kwa kujenga makovu. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi. Kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi ya kuvuta vumbi, ingawa vumbi likiwa zito sana unaweza kuja mapema zaidi. Hauna dawa ya kuuponya. Aidha, tangu 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka silika ya aina hii inayovutwa kazini katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Nondo huongeza madhara

Mgonjwa wangu alinieleza jambo ambalo sikufundishwa chuoni. Biti ya zege huponda, haikati. Ikikutana na nondo, haiwezi kuiponda. Hudunda na kuteleza juu ya chuma huku ncha yake ikizidi kuwa butu. Hapo fundi aliyebanwa na muda huegemea mashine kwa kifua chake chote. Tundu lililotarajiwa kuchukua dakika moja huchukua kumi. Katika dakika hizo uso wake uko karibu zaidi na tundu, mikono yake inatikiswa zaidi, na masikio yake yanapokea mlio mkali zaidi.

Pia kuna hatari ya papo hapo. Biti inaweza kunaswa na nondo ikasimama ghafla huku mota ikiendelea kuzunguka. Mwili wa mashine ndio unaozunguka sasa, pamoja na kiganja kilichoishika. Mashine nyingi za kisasa zina klachi inayoachia hali hiyo inapotokea, lakini mashine kuukuu au iliyochakaa haina ulinzi huo wa kutegemewa. Wenzetu wa idara za mifupa huwapokea watu hawa wakiwa na viganja vilivyoteguka au kuvunjika, na wale waliokuwa juu ya ngazi wakiwa wameanguka.

Ushauri wa kitaalamu hapa uko wazi. Kabla ya kutoboa, ramani ya jengo itazamwe na kifaa cha kutambua chuma na nyaya kipitishwe ukutani. Nondo ikigongwa, mashine izimwe na mhandisi aulizwe. Mara nyingi tundu linaweza kusogezwa sentimita chache. Ikilazimu nondo ikatwe, uamuzi si wa fundi, kwa kuwa chuma hicho ndicho kinachobeba nguvu za mvuto ambazo zege peke yake haliwezi kuzibeba. Na kazi hiyo hufanywa kwa biti ya kukatia chuma, huku mapigo ya nyundo yakiwa yamezimwa. Ninalitaja jambo hili katika jarida la afya kwa sababu kila dakika isiyotumika kupambana na chuma ni dakika ya vumbi, mtetemo na kelele iliyookolewa.

Mtetemo nao una historia yake. Mwaka 1918 daktari wa Marekani Alice Hamilton aliandika kuhusu wachonga mawe wa Bedford, jimbo la Indiana, waliotumia nyundo za upepo. Vidole vyao vilikuwa vyeupe na kufa ganzi asubuhi za baridi. Katika joto la pwani yetu weupe huo ni nadra kuonekana, hivyo mgonjwa hutujia na ganzi tu, au analalamika kwamba hawezi kufunga vifungo vya shati. Tunampima sukari, tunampa vitamini, na kumruhusu arudi kwenye mashine ileile. Kuhusu kelele, taasisi ya utafiti wa afya kazini ya Marekani, NIOSH, inashauri saa 8 kwa desibeli 85, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda upungue kwa nusu. Kwa mashine inayofikia desibeli 100, muda huo ni dakika 15.

Barakoa isiwe kisingizio

Nikizungumza na wasimamizi wa ujenzi, jibu ninalopewa mara nyingi ni hili: "Tumewapa barakoa, hawazivai." Kwa maoni yangu, jibu hilo linamtwisha fundi mzigo usio wake. Barakoa nyepesi ya hospitali imeundwa kuzuia matone yanayotoka mdomoni mwa anayeivaa; haikazi usoni na haizuii chembe ndogo ipasavyo. Kitambaa kilichofungwa puani huzuia hata kidogo zaidi. Barakoa ya kuchuja chembe, kama ile ya kiwango cha N95, inafaa zaidi, lakini sharti ikae vizuri usoni. Mwenye ndevu haimkai vizuri, na katika joto na unyevu wa Dar es Salaam si rahisi mtu kuivaa kutwa nzima. Tena humlinda mvaaji peke yake. Saidia fundi anayeshika ngazi, dada anayefagia na mama anayeleta chakula wote wanavuta hewa ileile.

Njia bora ni kulinasa vumbi linapotoka tunduni. Kuna vikombe maalumu vinavyozunguka biti, na biti zenye uwazi katikati, ambavyo huunganishwa na mashine ya kufyonza vumbi yenye chujio la kunasa chembe ndogo. Kanuni za Marekani za vumbi la silika katika ujenzi, zilizotolewa mwaka 2016, zinasema kwamba fundi anayetumia drili yenye kinasa vumbi kinachofanya kazi ipasavyo, na anayesafisha matundu kwa mashine ya kufyonza yenye chujio la HEPA, halazimiki kuvaa barakoa kwa kazi hiyo. Maana yake ni kwamba wataalamu waliotunga kanuni hizo waliweka tumaini lao katika kifaa kilicho kwenye mashine kabla ya kile kilicho usoni mwa mtu.

Nitoe tahadhari hapa, maana ushauri mzuri unaweza kuua ukitumiwa pasipo mahali pake. Tumesikia kwamba maji huua vumbi, na ni kweli kwa mashine zilizotengenezwa kutumia maji, kama zile za kukata matundu makubwa ya mviringo. Drili ya kawaida ya umeme haikutengenezwa hivyo. Kuimwagia maji, au kumwaga maji kwenye tundu huku umeishika, ni kualika shoti ya umeme. Baada ya kazi, sakafu inaweza kuloweshwa kabla ya kufagiwa, mradi nyaya zimekwisha kuondolewa. Kufagia kavu, kupuliza tundu kwa mdomo na kukung'uta nguo ndani ya chumba hurudisha vumbi hewani.

Vilevile, nawasihi mafundi waache kutegemea maziwa. Imani kwamba maziwa husafisha kifua baada ya kazi ya vumbi imeenea sana, na waajiri wengine huyagawa kwa nia njema kabisa. Maziwa ni chakula kizuri. Lakini huenda tumboni, na chembe ziko mapafuni. Njia zao hazikutani. Pakiti ya maziwa isihesabiwe kuwa kinga.

Gharama inalipwa na nani?

Wapo watakaosema kwamba vifaa hivi ni ghali na kwamba mkandarasi mdogo hawezi kuvinunua. Hoja hii ina uzito na sitaki kuibeza. Hata hivyo, gharama haiondoki kwa kutonunua kifaa. Huhamia kwa fundi anayeshindwa kupanda ngazi akiwa na miaka 45, kwa mkewe anayeanza kutafuta riziki ya watu wawili, na kwa hospitali inayompa dawa zisizo za ugonjwa wake.

Historia inatukumbusha jinsi hesabu ya aina hiyo inavyoweza kuishia. Mwaka 1930 na 1931, huko West Virginia, Marekani, handaki la Hawks Nest lilichimbwa kupitia mwamba wenye silika nyingi. Wachimbaji, wengi wao watu weusi waliotoka mbali kutafuta kazi, walitoboa mwamba pakavu ili kazi iende haraka. Mamia walikufa kwa silikosisi, wengine ndani ya muda mfupi tu. Mwamba wa handaki si ukuta wa ghorofa, na vumbi la pale lilikuwa zito mno. Lakini hoja iliyotumika ilikuwa hiihii ya leo: kukinga vumbi kunachelewesha kazi.

Kwa hiyo pendekezo langu la kwanza linatuhusu sisi wenye hospitali. Kila mwaka vituo vya afya hujenga, hukarabati na kutoboa kuta. Tuweke katika hati za zabuni sharti la kinasa vumbi, na tuitenge gharama yake waziwazi ili mkandarasi mwaminifu asishindwe na yule anayeuza bei nafuu kwa mapafu ya watu. Tuna sababu nyingine pia ya kufanya hivyo. Vumbi la ujenzi hospitalini linaweza kubeba mbegu za kuvu aina ya aspagilasi, ambazo kwa mgonjwa wa saratani aliyepungukiwa kinga zinaweza kusababisha maambukizi ya kuua. Eneo linalotobolewa lizibwe, na wagonjwa wahamishwe kwanza.

Maswali matatu

Pendekezo la pili ni kwa wahudumu wa afya. Mwaka 1700 daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu kuhusu maradhi ya wafanyakazi na akahimiza kwamba mgonjwa aulizwe kazi yake. Zaidi ya miaka 300 baadaye swali hilo lipo katika fomu zetu, lakini jibu la neno moja halitoshi. Tuongeze mawili. Baada ya "Unafanya kazi gani?" tuulize, "Kwa mikono yako hasa unafanya nini, na kwa miaka mingapi?" Kisha tuulize, "Vumbi linalotoka hapo linakwenda wapi?" Maswali hayo huchukua dakika moja. Kwangu mimi, kutoyauliza kulimgharimu mgonjwa karibu mwaka mzima.

Nisieleweke vibaya. Silikosisi haiondoi kifua kikuu. Humfanya mtu awe rahisi zaidi kukipata, na wengine huwa na magonjwa yote mawili. Hivyo kila mwenye historia ya vumbi apimwe makohozi kwa umakini uleule. Na wewe mgonjwa unayesoma hapa ukiwa katika dawa za kifua kikuu, usiziache kwa sababu ya makala haya. Endelea nazo, nenda kliniki yako, na umweleze mhudumu kazi uliyoifanya, hata kama uliiacha miaka mingi iliyopita. Kama unavuta sigara, acha sasa. Mapafu yenye makovu hayana akiba ya kuchezea.

Maelezo ya kazi yakiandikwa vizuri katika faili yana faida nyingine. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, na ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanzishwa kwa sheria ya 2008, ambayo inatambua pia magonjwa yatokanayo na kazi. Kibarua anayehama kutoka jengo hadi jengo tayari ana taabu ya kumthibitisha mwajiri wake. Tusimwongezee taabu kwa kuandika "kibarua" tukaishia hapo.

Mgonjwa wangu ameiacha drili. Hajapona na hatapona, ila kwa sasa hali yake haizidi kuwa mbaya kwa kasi ya awali. Siku ile ya mlio wa nondo, alipoinuka kuondoka, aliniuliza kama kijana aliyekuwa anatoboa nje alikuwa na mashine ya kufyonza vumbi. Sikujua. Nilikuwa nimempita asubuhi hiyo nikienda ofisini, nikamsalimu, nikakwepa waya wake.

Nilitoka kumtafuta. Alikuwa amekwisha kupanda ghorofa ya pili, na kwenye mabenchi ya wagonjwa aliacha unga mweupe mwembamba, wengine wakiufuta kwa kanga zao ili wakae. Nilimkuta juu ya ngazi, kitambaa puani. Nikamwomba ashuke tuzungumze, kisha nikaenda kwa msimamizi wa ujenzi kumuuliza swali ambalo nilipaswa kuwa nimekwisha kuliuliza mara nyingi: vumbi hili linakwenda wapi?